TV ya shangazi na waranti ya 190,000: kisa cha Uru, Moshi

Shangazi yangu anaishi Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, alichoachiwa na marehemu mume wake. Ni mwalimu mstaafu. TV yake ya inchi 32 ilipokufa, wanawe walimchangia shilingi 1,500,000 anunue kubwa, wakaniomba nimsindikize mjini kwa kuwa mimi ni fundi wa TV na benchi langu liko Majengo. Alitaka inchi 55, asome yale maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari bila kusogeza kiti.

Tuliipata kwa 1,380,000. Tunaelekea kulipa, kijana wa mauzo akatoa karatasi.

"Mama, ukiongeza 190,000 tu unakuwa na waranti ya miaka mitatu. Ikiharibika unaileta, unapewa nyingine. Unalala usingizi."

Maana yake shangazi angeongeza 70,000 kutoka kwenye pensheni, kwa sababu mchango wa watoto usingetosha. Akanitazama. Nikamwambia tusikimbilie kulipa, tuisome kwanza. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu swali hilo, la kulipia waranti ya nyongeza au kutolipia, huletwa benchini kwangu kila mara, na mara nyingi linaletwa na mtu aliyekwisha kulipa, TV imebebwa begani, karatasi iko mkononi, na mimi ndiye wa kwanza kumsomea kilichoandikwa.

Karatasi

Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, herufi ndogo. Kijana alikuwa akiieleza kwa Kiswahili, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea: wanalipia maelezo ya mdomo, kumbe mkataba ni ule ulioandikwa. Shangazi akavaa miwani, akatoa kalamu kwenye mkoba, akaanza kusoma kama anasahihisha insha za darasa la saba.

Alama yake ya kwanza ilikuwa kwenye tarehe. "Hii miaka mitatu inaanza lini, mwanangu?" Kijana akajibu ni miaka mitatu kamili. Shangazi akamwonyesha mstari: muda unahesabiwa kuanzia siku ya kununua. Sasa, ndani ya boksi kulikuwa na kadi ya mtengenezaji yenye waranti ya mwaka mmoja, na hiyo huilipii chochote, imo kwenye bei. Kwa hiyo 190,000 hainunui miaka mitatu. Inanunua miwili, wa pili na wa tatu. Ukigawa, ni 95,000 kwa mwaka, wala si 63,000 kama inavyosikika dukani.

Alama ya pili ilikuwa kwenye neno "au". Karatasi ilisema kampuni itatengeneza, au itabadilisha, au itarudisha thamani ya TV kwa wakati huo, kwa uamuzi wake yenyewe. "Unapewa nyingine" ilikuwa moja tu ya njia tatu, na anayechagua si mteja. Thamani "kwa wakati huo" nayo maana yake ni bei iliyokwishapunguzwa kwa uchakavu.

Halafu orodha ya yasiyolipiwa. Hapo ndipo nami nikainama kusoma naye: umeme kuzidi au kupungua, radi, maji na unyevu, wadudu na panya, kioo kupasuka, TV kufunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni, na mwisho kabisa, sehemu zinazochakaa kwa matumizi ya kawaida. Gharama ya kupeleka TV kituo cha matengenezo na kuirudisha ni ya mteja. Kituo chenyewe kiko Dar es Salaam. Kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na TV ya inchi 55 inasafiri kwenye buti la basi.

Nini hasa kinaua TV huku kwetu

Waranti huwezi kuipima kwa miaka yake. Inapimwa kwa vifo inavyovikubali, na vifo hivyo vilinganishwe na vile vinavyotokea kwenye nyumba yako.

Cha kwanza ni umeme. Uru, Kibosho, Old Moshi, nyaya zinapita katikati ya migomba na miti mirefu. Masika yakianza, upepo na mvua vinaangusha matawi, umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena. Watu hulaumu umeme mdogo, lakini umeme mdogo kwa TV za siku hizi si tatizo kubwa. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme mdogo unaumiza friji, kwa sababu ya kompresa. TV inauawa na umeme mkubwa.

Na mkubwa kuliko wote ni ule wa nyutro kukatika. Nyumba zetu hupata volti 230 kati ya waya wa moto na nyutro. Nyutro ya mtaa ikikatika, fezi zinatafutana kupitia vyombo vilivyomo majumbani mwa watu, na nyumba yenye vitu vichache vilivyowashwa inaweza kupokea umeme unaokaribia volti 400. Taa zinawaka kuliko kawaida, kisha kimya. Asubuhi yake napokea TV tatu, nne kutoka mtaa mmoja. Nikifungua naikuta fyuzi imekuwa nyeusi, kile kisahani kidogo cha buluu kinachokinga mlango wa umeme kimepasuka katikati kama mbegu ya kahawa, na kapasita kubwa imevimba kichwani. Fundi wa kampuni akikiona kile kisahani hana haja ya kukuuliza swali. Anaandika "umeme kuzidi" na madai yako yanaishia hapo.

Kwa hiyo kifo namba moja cha Uru kilikuwa nje ya karatasi tangu siku ya kwanza.

Cha pili ni baklaiti, na hiki ndicho kilichonisumbua zaidi. TV tunazoziita za LED zina kioo ambacho chenyewe hakitoi mwanga. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo ndogo zinazokimulika, na hizo ndizo baklaiti. Taa hizo zimeungwa kwa kufuatana. Moja ikiungua, mara nyingi mkondo mzima unakatika, au saketi inayoziendesha inaona hitilafu na kujizima. Mteja anakuja akisema, "Fundi, sauti ipo, picha hakuna." Nazima taa ya kibandani, nawasha tochi ya simu, naisogeza karibu kabisa na kioo kwa mshazari. Ndani ya giza lile unaona mtangazaji anasogea kama kivuli. Ukiona hivyo, kioo ni kizima, bodi ni nzima, taa ndizo zimekufa.

Baklaiti kwa kawaida haiuawi na radi wala panya. Inauawa na joto lake yenyewe. TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa mwanga wa juu kabisa, zing'ae dukani, na watu wanaziacha hivyo hivyo kutwa nzima. Zinazofika kwangu kwa ugonjwa huu nyingi zimetumika miaka miwili hadi minne.

Hilo ni muhimu kwa hesabu. Wahandisi huchora uharibifu wa vifaa kwa mstari wenye umbo la beseni: juu mwanzoni, chini katikati, juu tena mwishoni. Kasoro za kiwandani hujitokeza mapema, ndani ya miezi ya mwanzo, na hizo zinaangukia kwenye waranti ya bure. Kisha kinakuja kipindi kirefu cha utulivu. Waranti ya nyongeza inauza zaidi kipindi hicho cha utulivu, na ndiyo maana ni biashara nzuri kwa anayeiuza. Lakini baklaiti iliyokamuliwa kwa mwanga wa juu inaweza kufa mwaka wa pili au wa tatu, yaani ndani ya ile miaka miwili tuliyokuwa tunauziwa. Kama karatasi ingeikubali baklaiti, ningekuwa na sababu ya kufikiri mara mbili.

Nikamuuliza kijana: taa za nyuma zikifa mwaka wa pili, hizo ni kasoro au ni "sehemu zinazochakaa"?

"Zimo, kaka. Kila kitu kimo."

Shangazi akamsogezea karatasi na kalamu. "Basi niandikie hapa, mwanangu, kwamba taa za nyuma zimo, uweke na muhuri."

Kijana akaenda kumwita meneja. Meneja alikuja kwa heshima zote, akamwamkia shangazi, akatusikiliza. Kisha akasema fomu inatoka makao makuu, hana ruhusa ya kuongeza neno. Shangazi akamwuliza kama anaweza kuwapigia simu makao makuu. Akapiga, akaongea pembeni, akarudi: watatujibu. Shangazi akaifunga kalamu, akairudisha mkobani.

Kwangu mimi uamuzi ulipita hapo. Ahadi ambayo muuzaji anaitamka kwa urahisi lakini hawezi kuiandika haina bei. Simlaumu yule kijana, huenda aliamini anachosema. Ila baada ya miezi ishirini yeye huenda hayupo pale, karatasi ndiyo itakayokuwepo.

Hesabu tuliyoipiga kaunta

Niliiandika nyuma ya boksi la soketi. Kwa bei za benchini kwangu, kubadilisha baklaiti ya inchi 55 ni kama 110,000. Bodi ya umeme, 80,000 hadi 120,000. Bodi kuu inapanda hadi 200,000 na kidogo. Ili 190,000 irudi kwa matengenezo ya kawaida, ukiacha bodi kuu, TV ingebidi iharibike karibu mara mbili ndani ya miaka miwili, na mara zote kwa ugonjwa unaokubaliwa.

Paneli, yaani kioo chenyewe, ni habari nyingine. Paneli ya TV ile ingefika 1,100,000 na fundi yeyote mkweli angekwambia nunua TV nyingine. Ukigawa 1,100,000 kwa 190,000 unapata karibu sita. Maana yake waranti ingejilipa kama TV moja kati ya kila sita ingekufa paneli yenyewe, bila kugongwa, ndani ya mwaka wa pili na wa tatu. Paneli nyingi ninazoziona zimekufa kwa kugongwa: rimoti iliyorushwa, mpira, mtoto, kuanguka wakati wa kuhama. Hizo zote karatasi inazikataa. Zinazokufa zenyewe zipo, ila hazifiki uwiano huo.

Kulikuwa na swali jingine: nani hasa anadaiwa? Karatasi ilikuwa na jina la duka tu. Kama nyuma ya waranti ipo kampuni ya bima, kampuni hiyo iko chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na mteja ana mahali pa kupeleka malalamiko. Kama ni ahadi ya duka peke yake, inaishi kadiri duka linavyoishi. Tulipouliza, hatukutajiwa kampuni yoyote ya bima.

Na kuna haki ambazo shangazi alikuwa nazo bila kulipa senti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaostahili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Hazitakuletea TV mpya kesho yake, lakini muuzaji anayekwambia "bila waranti ya nyongeza hatuhusiki" baada ya wiki mbili hasemi kweli.

Tulichofanya badala yake

Tulinunua TV bila waranti ya nyongeza. Tukafungua boksi palepale, tukalinganisha ile namba ndefu ya nyuma ya TV na iliyo kwenye boksi na kwenye kadi ya mtengenezaji. Zikitofautiana, au kadi ikiwa ya nchi nyingine, hata ule mwaka wa bure unaweza kuukosa. TV nyingi zinazoletwa kwa mizigo ya watu binafsi zina shida hiyo.

Risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, niliipiga picha kabla hatujatoka dukani. Naomba msomaji alichukue hili kwa uzito: ile karatasi huchapwa kwa joto, si kwa wino, na inafifia. Nimewahi kuletewa risiti ya mwaka na nusu iliyokuwa nyeupe pande zote mbili, mwenyewe ameitunza vizuri ndani ya Biblia. Risiti isiyosomeka ni sawa na kutokuwa nayo.

Tukanunua TV gadi ya 40,000. Kazi yake ni kukata umeme unapotoka nje ya kiwango na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha, ule mshindo wa kwanza upite. Nyumbani nikaingia kwenye mipangilio ya picha nikashusha baklaiti kutoka 100 hadi 55. Shangazi hakuona tofauti, sebule yake haina jua kali. Boksi na yale mapovu magumu meupe tuliyapandisha darini, kwa sababu TV ya ukubwa ule ikisafiri bila boksi lake inafika imepasuka.

Zilibaki 80,000 kutoka kwenye mchango. Nikamwomba aongeze ile 70,000 ambayo angeitoa dukani, akaiweka yote, 150,000, kwenye akiba ya simu, akaipa jina moja: TV.

Yaliyotokea

Mwezi wa kumi na nne, katikati ya masika, radi ilipiga karibu na kwake. TV gadi ilifanya kazi yake. King'amuzi kilikufa, na tundu moja la HDMI kwenye TV, lile la kuchomekea waya wa king'amuzi, likafa nacho. Radi haikuingia kwa soketi, iliingia kwa waya wa dishi, ikapita kwenye king'amuzi hadi kwenye TV. Hilo nililisahau mimi. Nililinda mlango wa mbele nikaacha wa nyuma wazi, na ni jambo ninalopaswa kulijua. Tukahamia tundu la pili la HDMI, binamu yangu akanunua king'amuzi kingine, na dishi nikalifungia waya wa ardhini. Siku hizi wingu likifunga juu ya mlima, shangazi anachomoa vyote viwili, plagi na waya wa dishi. Karatasi ile isingelipa kitu hapa: radi imetajwa kwa jina.

Mwezi wa ishirini na saba, sauti ipo, picha hakuna. Nilipanda Uru na tochi, nikamwona mtangazaji gizani. Baklaiti, hata baada ya kuishusha. Ilikuwa ndani kabisa ya muda ule tuliokataa kuulipia.

Nimelitafakari tukio hilo kwa uaminifu, kwa sababu mimi ndiye niliyemshauri. Kama makao makuu yao wangeihesabu kuwa kasoro, shangazi angelipa usafiri wa kwenda na kurudi Dar na kukaa bila TV kwa wiki kadhaa. Kama wangeihesabu kuwa uchakavu, angelipa usafiri huo huo na kurudishiwa ikiwa bado giza. Kwa bei ya mteja wa kawaida kazi hiyo ni 110,000. Akiba ilikuwa nayo 150,000.

Lakini kuna udhaifu mkubwa katika hesabu hii, na ningekuwa namdanganya msomaji nikiuficha. Shangazi ana mtoto wa kaka yake ambaye ni fundi, yaani mimi. Kubadilisha baklaiti ya inchi 55 kunahitaji kuinua paneli nzima, kioo chembamba kama kadi, na kwenye ukingo wake kuna tepu laini za nyaya zilizogandishwa. Nilimwita fundi mwenzangu, tukainua wawili kwa pamoja, viganja viwili kila upande, bila kuipinda hata kidogo, tukailaza juu ya blanketi kitandani kwa shangazi. Fundi asiye na subira akiinua peke yake, paneli inapiga ufa kimya kimya, na kazi ya 110,000 inageuka hasara ya TV nzima. Nimezipokea za namna hiyo, zimeharibiwa kwenye mabenchi ya wengine, na hakuna wa kumlipa mwenyewe. Mtu asiyejua fundi wa kumwamini ana sababu ya kweli ya kuitamani waranti, na si haki kumwambia kwamba anatupa hela.

Ndiyo maana binamu yangu, mtoto wa shangazi anayeishi Njiro, Arusha, aliponipigia kuhusu TV yake mpya sikumpa jibu lile lile. Yeye anaangalia ya OLED, ya bei zaidi ya mara tatu ya ile ya mama yake. OLED haina baklaiti, kila nukta inajiwakia yenyewe, kwa hiyo ugonjwa nilioueleza haupo. Upo wa alama kubaki kwenye kioo, kama nembo ya kituo kikionyeshwa kutwa. Benchini kwangu sina cha kufanya na paneli hiyo. Waranti anayouziwa inataja kampuni ya bima, na kituo cha matengenezo kiko Arusha hapo hapo, wanakuja kuichukua nyumbani. Nilimwambia akubali kwa masharti mawili: paneli itajwe kwa jina, na alama za kubaki kwenye kioo ziandikwe kama zimo au hazimo.

Ameshawaandikia. Bado hawajamjibu, na hajalipa.